Babu Nyau, Fundi wa Saa na wa Paka Wakali

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu ututoke, na bado watu wanagonga mlango wa duka lako la saa wakiwa wamebeba boksi lenye paka. Tunawaambia fundi wa paka hayupo tena. Wengine hutupa pole, wengine huuliza boksi waliweke wapi.

Mtaa mzima ulikuita Babu Nyau, nawe uliitika bila kinyongo. Mikono iliyotengeneza saa za watu miaka arobaini ndiyo hiyo hiyo iliyosafisha tongotongo na kusaka utitiri masikioni mwa paka, lenzi ya kazi ikiwa jichoni. Mteja akija kuchukua saa yake na kukukuta umeinamia paka, ulimwambia, "Saa yako haiumwi, ndugu yangu," naye akavuta kiti akasubiri.

Watoto wa paka waliozaliwa chini ya mbao za fundi seremala walikuwa hawajui binadamu. Walifoka, wakaparua, wakajibanza pembeni. Hukuwalazimisha. Siku ya kwanza uliketi tu sakafuni ukiwapa mgongo, kama vile huna habari nao. Kisha ukaja na kijiko kirefu chenye nyama iliyosagwa, kisha kijiko kifupi, kisha kidole. Ulituambia muda wao ni mfupi, wakikua miezi kadhaa bila kuzoea mkono wa mtu, kuwatuliza ni kazi kwelikweli. Sisi tulikucheka, lakini vishetani hivyo viliishia kulala mapajani mwako.

Kwenye dawa ulikuwa huna mzaha. Paka anaviringishwa taulo mpaka shingoni, kidonge nyuma ya ulimi, mdomo unafungwa, koo linapapaswa. "Usimwamini kuwa amemeza mpaka alambe pua," ulisema, maana paka ni mjanja, anaweza kubana kidonge shavuni halafu akakitema nyuma ya kabati.

Ulipougua, na daktari akasema vidonge ni vya kupunguza maumivu tu, binti yako kitindamimba ndiye aliyechukua kazi ya kukupa. Kila ukimaliza alikuambia, "Lamba pua, Baba," nawe ulitoa ulimi ukajaribu kwa bidii zote, ukaishia mdomoni. Tulicheka mpaka basi. Aliwaambia majirani kwamba angalau baba yake hasikii maumivu.

Wiki moja baada ya mazishi alifungua kopo la skurubu kwenye meza yako ya kazi, akakuta vile vidonge. Karibu vyote vilikuwamo, kingo zimelika kwa mate.

Mama alikuwa anajua. Hakuzunguka, alimwambia pale pale: "Vilikuwa vinamlaza na kumtetemesha mkono. Alikuwa na wale watoto watatu wa paka, na muda wao ulikuwa unakwisha. Aliniapisha nisikwambie."

Jamani, Baba. Wale watatu walipata watu wa kuwalea, na sasa wamenona hao, hawajui hata kuparua. Lakini binti yako hakutaka kusikia habari zao. Ulikuwa unaumia mbele ya macho yake, yeye anacheka. Alisema umemfanya mjinga, na umewapenda paka kuliko yeye. Tulipoandika tangazo la kuwashukuru waliotufariji, alikataa katakata kutajwa. Meza yako aliirithi, saa anatengeneza, ila paka hakutaka hata kuwaona. Mama naye alinuniwa miezi na miezi.

Mwezi uliopita likaletwa boksi jingine. Ndani walikuwa wawili, wadogo mno, macho yamegandamana kwa usaha. Binti yako alilibeba moja kwa moja hadi kwa daktari wa mifugo ili aliache huko. Daktari aliwasafisha, akampa dawa ya matone, akamwelekeza jinsi ya kuwanyonyesha maziwa kwa bomba dogo la sindano kila baada ya saa mbili, kisha akamrudishia boksi lake. Alirudi nao dukani kwa shingo upande. Na siku hiyo hiyo alikuwa ametoka kung'olewa gego, shavu limevimba hilo.

Mchana Mama akapita kumjulia hali. Alimkuta ameketi sakafuni, paka mmoja kifuani, bomba la maziwa mkononi, machozi ya maumivu yanamtiririka. Vidonge alivyopewa vilikuwa mezani, pakiti haijafunguliwa. Mama akamuuliza mbona hajameza.

"Vinaleta usingizi, Mama. Acha kwanza huyu afumbue jicho."

Kisha akasikia alichokisema. Mama anasema aliangua kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukitoa. Mama akaketi naye pale chini, akampokea yule paka mwingine.

Hatujui kama ulifanya sawa, Baba. Tunajua tu kwamba tulikupenda, na tungetaka uondoke bila kuumia.

Hutoki mioyoni mwetu: mkeo aliyekutunzia siri, mwanao mkubwa aliye dereva, dada yako, ambaye mpaka leo akiona paka anapanda juu ya kiti, na wajukuu zako wanne. Yumo pia kitindamimba wako, fundi saa. Safari hii ametaka mwenyewe atajwe, na ametuomba tuongeze maneno yake haya:

"Nimekuelewa, Baba. Lakini ungeniambia tu, ningewalea mimi, wewe ukalala."