Mlango wa Upande wa Dereva

"Mlango huo haurudi kwenye gari," baba yako amesema, na tangu tunywe chai hajasema neno jingine. "Njia ile nimeipanda kabla watoto hawa hawajazaliwa. Dereva wa mlimani hajifungii ndani kama kuku."

"Kuku wangu wote wako hai, baba watoto," nimemjibu.

Mwaka unatimia leo tangu ututoke, mwanangu, na hivyo ndivyo asubuhi hii tunavyokukumbuka: kwa kugombana. Ningeweza kuandika kwamba nyumba imetulia na tunakuombea kwa sauti ya chini. Ungecheka.

Mdogo wako wa kike anapanda mlimani leo, mara yake ya kwanza kushika usukani bila baba yake pembeni. Gari ni lile lile lako. Limenyooshwa bodi, limepakwa rangi, limewekwa kioo kipya. Kilichobaki ni mlango wa upande wa dereva, ulioung'oa kwa mikono yako ukauegemeza nyuma ya jiko, kama wanavyofanya madereva wote wa njia ile. Hakuna aliyeugusa tangu siku hiyo.

Wenzako walikuita Taratibu. Wao walipanda wakipiga honi na kujisifu. Wewe kila penye kona mbaya ulisimama, ukashuka, ukakanyaga ukingo kwa miguu yako kuona kama udongo umeshika, ndipo ukarudi kutia gia nzito. Abiria walinung'unika kwamba watazeekea njiani. Uliwapelekea watu wa kule juu unga, dawa na mitungi ya gesi, na yule bibi wa nyumba ya mwisho ulimbebea chupa ya maji ya moto ili apashe mikono yake. Ukirudi ulivua viatu katikati ya sebule. Nikikugombeza unasema, "Mama, hili ni tope la juu, lina hadhi yake." Sasa sebule ni safi. Siipendi.

Baba yako aliwahi kuruka. Gari lake liliserereka kwenye utelezi, akajirusha nje, likaenda korongoni peke yake. Alirudi nyumbani na mchubuko wa goti. Kuanzia hapo likawa somo la njia nzima: usifunge mkanda, ng'oa mlango, ili siku ikifika uruke bila kuhangaika na kitasa. Dereva mpya hufungua bolti za mlango kabla hajaonyeshwa gia. Wewe ulifundishwa na aliyeruka mwenyewe, na ulimwamini.

Siku yako mvua ilikuwa imenyesha. Uliukanyaga ukingo kama kawaida yako, nao ukaibeba miguu yako. Gari haukulibeba. Tunayajua haya kwa sababu ulikuwa umempakia mkunga wa zahanati ya kule juu. Tangu mlipoondoka ulikuwa unamtania kwa kujifunga mkanda: "Mkunga, umejifunga kama mzigo wa kuni." Naye akakujibu, "Mzigo wa kuni ukifungwa haudondoki, dereva."

Udongo ulipomeguka, gari lililalia upande wako. Uliruka, kama ulivyofundishwa. Gari likakufuata, likakulalia, likagota kwenye jabali hatua chache tu chini ya njia. Halikwenda korongoni. Mkunga alibaki ananing'inia kwenye mkanda wake, mkono umevunjika. Alikuita mpaka waliokuja kumtoa wakamwambia anyamaze.

Madereva wenzako wakilisoma tangazo hili, wakasirike wanavyotaka.

Mkunga huyo huyo yuko hapa asubuhi hii, na sanduku lake la dawa magotini. Kule juu kuna mama aliyekaribia kujifungua, na hakuna gari jingine linalokwenda leo.

"Angebaki ndani angekufa vilevile," baba yako amesema.

"Mimi nilibaki ndani, mzee," mkunga amemwambia.

Hapo mdogo wako akajaribu kusuluhisha. "Kituoni watanicheka, mama. Watasema nimeingia na banda la kuku."

"Waambie mama yako ni mkali. Wanajua."

"Baba akisema niende bila mlango, nitakwenda bila mlango," akasema, akimtazama baba yake. "Ila anitazame usoni ndipo aseme."

Baba yako hakumtazama. Alitazama kikombe. "Nikiurudisha mlango ule," akasema, "nitakuwa nimesema nini? Kwamba nilimfundisha mwanangu kufa?"

"Utakuwa umesema una mtoto mwingine."

Kisha akainuka, akatoka nje bila viatu. Nilidhani amesusa. Tukasikia chuma kinakwaruza ukuta nyuma ya jiko.

Amekuja nao mgongoni, umejaa utando wa buibui, akakataa kusaidiwa. Bolti za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, nikampa mpya nilizotoa dukani kwangu. Mdogo wako ameshikilia mlango, yeye amekaza, na kila alipomaliza bolti moja amerudia kuikaza tena. Halafu amemwingiza binti yake kwenye kiti, akauvuta mkanda yeye mwenyewe, akaupachika, akaujaribu kwa ngumi. Akaufunga mlango. Gari limeondoka.

Unakumbukwa na baba yako, ambaye bado amesimama nje. Na mdogo wako, ambaye saa hizi yuko njiani. Na mkunga, aliyekaa pembeni yake. Nami mama yako ninayeandika haya. Maadamu tupo, hutasahaulika.