Lugha Niliyoijenga, na Neno Lililomshtua Mama Yako

Chumba cha nyuma,
Duka la dawa la mama yako.
9 Juni

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku wazima, ila magoti yangu, nayo nimeyazoea kama wakwe.

Baada ya salamu, naomba ukoo wote, wa karibu na wa mbali, usimame. Mimi mjomba wako, niliyeshindwa hata kurekebisha saa ya ukutani, nimejenga lugha. Mnaweza kukaa.

Ile lugha ya kompyuta uliyoandikia programu ya kuunganisha duka hili na la mama yako mdogo haipatikani tayari kwa kompyuta zetu kuukuu. Basi nikafuata maagizo yako: nikapakua msimbo wake wote, nikaiamuru mashine iujenge kuanzia mwanzo. Ikagoma, ikasema kuna maktaba haipo. Nilishavaa viatu niende kuitafuta, ndipo nikaelewa kuwa ni kifurushi kingine tu cha kupakua. Usicheke.

Lugha yenyewe nimeipenda. Humo jina likishapewa thamani, yaani nambari au neno lake, halibadiliki tena, kama mama yako akishasema hapana.

Sasa maduka yanazungumza. Dawa ikiuzwa kule, hesabu inapungua huku. Juzi nilizima kipande kimoja cha programu makusudi, nione kama kitainuka chenyewe ulivyosema. Mama yako alikuwa anapanga chupa. Kompyuta ikatoa maneno ya Kiingereza. "Imeandika nini?" akauliza. Nami, mtaalamu mzima, nikamtafsiria kwa sauti: "Mtoto amekufa."

Chupa ikamponyoka. "Mtoto gani?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, dada, ni kipande cha programu tu, humo ndani huitwa mtoto. Akifa, mzazi wake anaanzisha mwingine papo hapo.

Akaketi juu ya boksi. "Huyo mzazi ana bahati, ana mwingine," akasema. "Mimi ninaye mmoja, na simu hapigi."

Nilichukua ufagio nikazoa vipande vya chupa.

Mama yako mdogo anakusalimu sana, na fundi jirani aliyetuazima nyaya pia. Mungu akukinge na baridi ya huko, akuzidishie riziki na usingizi.

Sasa ukweli. Mama yako ameniagiza nikuandikie kwamba programu imeharibika, upige simu upesi umwelekeze yeye mwenyewe. Haijaharibika, mwanangu. Inafanya kazi vizuri mno. Lakini wewe piga, umuulize imeharibika wapi, na umwache aeleze polepole.

Akupendaye, magoti na yote,
Mjomba