Baba mkwe ang'oa miche, kuku wa jirani wasingiziwa

Mshauri mpendwa, nakuomba unijibu kabla mvua hazijashika, maana miche yangu imeshafikia kuhamishwa na mimi naogopa kuitoa kitaluni, na ukiniuliza naogopa nini nitakwambia namwogopa baba mkwe wangu, ambaye hajawahi kunitolea neno baya tangu niolewe.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na mume wangu ni dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Mama mkwe alipofariki tulimchukua baba akae nasi. Alikuwa fundi mwashi, wenzake walimwita Timazi kwa jinsi asivyoweza kuvumilia kitu kilichopinda, basi alipoona uwanja wetu wa nyuma umejaa vichaka akaomba jembe na kamba, akapiga matuta yaliyonyooka kama ukuta, akachanganya samadi, mimi nikapanda, na mwaka ule mboga za sokoni tulizisahau, masika tulikula mchicha na kunde, kipupwe kabichi na karoti, hata kiangazi bamia hazikukosekana kwa maji tuliyosuuzia vyombo. Jioni tulipalilia wote, yeye tuta lake na mimi langu, akinisimulia habari za marehemu mkewe, na kusema kweli hata baba yangu mzazi sikuwahi kukaa naye hivyo.

Mwaka huu mambo yamegeuka. Vitunguu nilivyovihamisha vilikuwa ndiyo kwanza vinashika, nikatoka asubuhi nikakuta tuta zima limeng'olewa, miche imepangwa pembeni kwa mafungu safi, na baba ananawa mikono. Akaniambia, "Majani yalikuwa yamezidi, mama. Sasa vitunguu vitapumua." Nikamwambia taratibu, "Baba, hivyo ndivyo vitunguu." Akaitazama ile miche, akatazama viganja vyake, akaingia chumbani, na siku hiyo hakula, nikajua nimemuudhi. Tangu hapo sijamsemesha tena kuhusu jambo hilo, wala jioni hatupalilii pamoja. Ameng'oa karoti, ameng'oa nyanya, mimi naokota, napanda upya, nanyamaza.

Mume wangu aliporudi safari akauliza mboga zimekwenda wapi, na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe kwamba ni kuku wa jirani, yule mama mjane muuza mayai, akatoka akamfokea langoni mbele za watu, na mimi nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, sikusema kitu. Kesho yake yule mama akawafungia kuku wote bandani, akaja kwangu na trei ya mayai kuomba radhi kwa kosa ambalo kuku wake hawakulifanya, na mshauri, nikayapokea. Nasikia kwa joto la mle bandani wamepunguza kutaga, naye anaishi kwa mayai hayo hayo. Mume wangu anasema mche mwingine ukipotea atampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nikisema ukweli namuumbua mzee, nikinyamaza namwonea mjane. Nilijaribu kumdokeza mume wangu kwamba baba siku hizi anasahausahau, akanikata, "Baba yangu ana akili kuliko mimi na wewe." Nifanyeje?

Fundi wa Barazani

JIBU

Pole, Fundi. Umemtunza mkweo vizuri, na sifa hiyo siwezi kukunyang'anya. Ila usijidanganye kwamba unanyamaza kwa kumstahi mzee. Unanyamaza ili nyumba yako itulie, na utulivu huo anaugharamia mama wa mayai, ambaye hata hajui kwa nini. Hilo limalizwe kwanza.

Mumeo usibishane naye. Akirudi safari, mpe jembe, mwambie apalilie na baba yake asubuhi nzima, nawe kaa kwenye cherehani yako. Wakikuita, usitoke. Habari hiyo hataki kuisikia kwako, lakini akiiona kwa macho yake mwenyewe hatakuwa na wa kumkatisha.

Siku hiyo hiyo nendeni kwa jirani, nyote wawili. Mumeo alifoka langoni, basi aombe radhi palepale langoni. Na wewe usijifiche nyuma ya bega lake, sema kwa kinywa chako, "Kuku wako hawakuhusika, na mimi nilijua." Ugonjwa wa mzee hamna haja ya kuutangaza. Huyo mama afungue banda lake mkiwa mmesimama hapo.

Kisha mpelekeni baba hospitali. Huenda ni macho, huenda ni kumbukumbu. Mimi siwezi kujua kupitia barua, na wewe huwezi kujua kwa kumchungulia dirishani. Leo ni karoti, kesho litakuwa jiko limeachwa linawaka, au njia ya kurudi nyumbani imempotea.

Bustani msimfungie. Mtu aliyefanya kazi kwa mikono maisha yake yote ukimkalisha kitini utamzeesha kwa wiki moja. Miche midogo ikuzie kwenye ndoo mbovu hapo barazani, karibu yako, hadi iwe na shina la kuonekana, ndipo uihamishe. Kwenye matuta ya wazi panda viazi vitamu na maboga, ambayo hata mimi nisiye na macho mazuri siwezi kuyafananisha na magugu. Yeye apige matuta, atandaze nyasi kavu ardhi isikauke, na kiangazi kikija kazi ya kumwagilia iwe yake.

Na lipo jambo moja ambalo umelisoma vibaya. Siku ile aliposusa chakula hakuwa amekukasirikia. Alishtuka. Alijua kuna kitu kimemtoka, na badala ya kukaa naye mkaanza wewe kumkwepa na mwanawe kumtetea. Mzee amebaki na hofu yake peke yake.

Kwa hiyo jioni toka naye mpalilie kama zamani, ila msigawane matuta. Kaeni tuta moja, bega kwa bega. Akishika mche usiotakiwa kung'olewa, mwekee mkono juu ya mkono wake, useme, "Huu tuuache, baba." Usiseme zaidi ya hapo. Atauacha.