Uchaguzi wa josho, Bahi

Yotham, nimemshinda shemeji yangu profesa kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa josho la ng'ombe, na sikugombea.

Mimi ndiye niliyempendekeza. Kaeleza demokrasia nusu saa, ng'ombe wanasubiri juani. Nikamwambia, "Shemeji, malizia, tuogeshe."

Kupiga kura hapa ni kusimama nyuma ya unayemtaka. Mimi bado niko kwenye lango la josho. Nageuka, watu arobaini wako nyuma yangu. Dada yangu, mkewe, yumo.

Profesa akauliza, "Mama Lea, na wewe uko huko?"

"Baba Lea, mbuzi wangu wana kupe."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Miaka thelathini nafundisha siasa chuoni, sijaona mtu akishinda bila kugombea."

Sikugombea, Yotham. Sasa kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nafungua josho. Miaka mitatu, bila posho.