Alama Ishirini na Tatu

Jumatatu, 1 Aprili

Kesho ndiyo mwisho wa kuomba vibali vya kuwinda. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, kahawa imepoa mara mbili.

Mambo ni haya. Mimi nina alama ishirini na tatu, moja kwa kila mwaka niliokosa kibali cha dume la elki, yule kulungu mkubwa wa milimani. Clete ana tisa. Mkiomba pamoja, mnahesabiwa wote wawili alama za mwenye chache. Tisa! Kwa tisa tutapata kibali tukiwa kaburini, mmoja huku, mmoja kule.

Lakini tulikubaliana tuwe wawili. Tulipeana mikono bandani kwake anapopigia farasi viatu, wakati wa theluji. Clete hagusi kompyuta. Kanipa namba zake zote, kasema jaza wewe bwana, mimi nitaiharibu. Na daktari naye keshasema goti langu litapasuliwa Desemba. Baada ya hapo mlima nitausikia redioni.

Nimejaza yangu peke yangu. Clete nimemwombea alama tu, awe na kumi. Si nimemfanyia jambo? Nimebonyeza. Imekwenda.

Sioni haja ya kumwambia.

Jumatano, 29 Mei

Nimepata! Miaka ishirini na mitatu, na leo jina langu liko pale: Wendell Tripp, dume moja, Oktoba. Nimesoma mara tano. Nimetoka nje nikamsomea mbwa.

Nikaenda mbio kwa Clete. Alikuwa ameinama, kwato ya Biskuti, nyumbu wake wa kubeba mizigo, iko katikati ya magoti. Nikamwambia: kompyuta imenichagua mimi, wewe imekuacha, pole sana rafiki yangu. Hakuinua kichwa. Kasema hongera Wendell, umeingoja sana hiyo. Akaendelea kukwangua.

Nimefika nusu ya njia ndipo jasho likanitoka. Walioomba pamoja hawatenganishwi. Wanapata wote au wanakosa wote. Mtoto wa darasa la tatu hapa mjini anajua hilo, na Clete anawinda tangu hajaota ndevu. Ulimi wangu huu!

Kwa nini hakusema kitu?

Ijumaa, 31 Mei

Clete kanipigia honi barabarani, kapunga mkono. Amepunga kama kawaida. Kawaida mno.

Jumapili, 16 Juni

Clete kaja na samaki wa moshi. Mtu akikuletea samaki bila sababu, sababu anayo.

Renae alikuwepo, kaja kunisalimia na kunikagulia jokofu kama afisa wa afya. Binti yangu huyu anafundisha watoto thelathini, na akitoka huko anakuja kunifundisha mimi. Tumekaa barazani watatu. Clete kanyoosha miguu, kauliza taratibu, bila kunitazama:

"Si utaingia kule kwetu?"

Kwetu! Nilimpeleka Pale, mahali pangu pa siri pa kuwinda, mara moja tu, mwaka tisini na sita, kwa kuwa dume limeanguka na sikuwa na nyumbu wa kulibeba. Nikamshika ukosi wa koti nikamwapisha: humwambii mtu, hurudi bila mimi, hata polisi wakikuuliza. Jina la Pale hata humu siliandiki. Madaftari huokotwa.

"Aa," nikasema, "mwaka huu naingia Korongo la Ndama. Elki wamehama."

"Wamehama."

"Ndiyo. Wamehama."

"Siku hizi elki nao wana akili kama watu," kasema Clete. Akacheka. Na mimi nikacheka, ingawa sijui tulikuwa tunacheka nini.

Kasema nyumbu wake ni wangu Oktoba, wote watatu. Nikasema tutaona. Alipoondoka Renae kaniuliza:

"Baba, mbona unamtazama Anko Clete hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama anakuuzia gari bovu."

Samaki ni mtamu. Nimekula nusu, nimechunguza nusu.

Jumanne, 9 Julai

Leo nimeona kwa macho yangu. Pikapu ya Clete nje ya mgahawa, tope jekundu mpaka milangoni. Tope jekundu wilaya hii liko kwenye barabara moja tu, na barabara hiyo inaishia chini ya Pale.

Nimeingia. Clete yuko kwenye kona na Brody, yule kijana anayewapeleka matajiri wa mjini kuwinda. Vichwa vimekaribiana, ramani mezani. Waliponiona, vichwa vikaachana. Clete kaikunja ramani.

"Mnapanga nini?" nikauliza, kwa utani.

"Mambo ya watu wazima, mzee," kasema Brody. Watu wa meza ya pili wakacheka.

"Namwuliza habari za kifaa fulani," kasema Clete. Masikio yamemwiva.

Kifaa gani? Mtu huyu bado anatumia simu ya waya. Ya mkononi alinunuliwa na mpwawe, anaiweka kwenye sanduku la misumari.

Naona mchezo wote sasa. Amejua nilichofanya na fomu. Hawezi kunishtaki, kwa hiyo Pale atamwuzia Brody. Nitafika Oktoba nikute mahema, majiko ya gesi, na daktari wa meno kutoka mjini amekaa juu ya jiwe langu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimekunywa kahawa nimesimama. Sikumaliza.

Alhamisi, 8 Agosti

Kesho naenda kukagua. Siku tatu: Ijumaa kuingia, Jumamosi kutazama, Jumapili kutoka. Nataka nijue kama dimbwi la matope wanamogaagaa elki bado linatumika, na madume wanapita wapi asubuhi. Nataka pia nijue nani mwingine anapita.

Mpango wangu hakuna wa kuufumbua. Gari naliacha mwanzo wa njia ya Korongo la Ndama, mahali pa wazi, kila mpita njia alione. Kisha navuka mgongo wa mlima kwa miguu. Saa nne zaidi, lakini anayenifuata atafuata hewa. Simu nimeiacha kwenye droo ya soksi. Brody mwenyewe aliwahi kusema simu inatoa habari za mwenyewe hata ikizimwa. Na Renae nimemwandikia karatasi, nimeibandika mlangoni pa jokofu: Korongo la Ndama, narudi Jumapili jioni.

Nimemdanganya hata mwanangu. Hilo limenikera kidogo. Lakini Renae anaongea na Clete.

Clete kapita saa kumi. Kasimama getini, hakuingia.

"Twende wote basi, Wendell. Sitabeba bunduki, nitabeba sufuria tu. Goti hilo litakuangusha."

"Goti ni langu."

"Ni lako kweli." Kageuka kwenda. "Ndama, siyo?"

"Ndama."

Mara mbili ameuliza sasa. Mtu asiye na nia haulizi mara mbili.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika. Goti limevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, lakini nimefika. Maji yapo, nyasi zinafika kiunoni. Dimbwi limevurugwa leo leo, linanuka dume, harufu niliyoingoja miaka yote hii.

Na kuna nyayo za nyumbu. Kiatu cha nyuma cha kushoto kina kipande cha chuma kinachounganisha ncha zake mbili. Katika wilaya nzima anayevaa kiatu hicho ni Biskuti wa Clete.

Amekuja. Ameapa kwangu, na amekuja.

Nikafuata nyayo mpaka kwenye msonobari ulioungua. Kamera! Imefungwa kwa mkanda, kimo cha kifua, ina antena fupi. Hizi ndizo zinazotuma picha kwenye simu, na mnara wa bondeni unashika hadi hapa, mwaka juzi simu ilinilia nikiwa kwenye jiwe hili hili. Hicho ndicho kifaa chao. Nikasimama mbele yake nikaitukana matusi ambayo sitayaandika, mke wangu, Mungu amrehemu, hakupenda niyaseme hata kwa ng'ombe.

Kuifungua, ndani ya mfuniko kuna karatasi ya gundi: C. Barlow, na namba ya simu. Mwandiko wa Clete, herufi zimelala kama zimelewa. Hata aibu ya kuficha jina hana!

Na ilikuwa hailengi dimbwi. Inalenga jiwe langu, mahali ninapotandika siku zote. Ananipeleleza mimi, si elki. Anataka ushahidi kwamba niko Pale na si Ndama.

Nimetoa betri zote kumi na mbili, nimezifunga ndani ya soksi. Kamera iko begani. Oktoba nitamrudishia mbele ya watu, mgahawani, saa ya watu wengi.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwona dume mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiinuka. Katoka kwenye misonobari polepole kama mwenye nyumba. Pembe zina matawi saba kila upande, nimehesabu mara tatu kwa darubini. Kajigaagaza dimbwini, kasimama, tope linamchuruzika shingoni. Nimelia. Naandika tu, hakuna wa kusoma.

Na huku nalia nikawaza: Clete keshamwona huyu, kwenye kisimu chake. Furaha ikaingia mchanga.

Nikaondoka kwa hasira kupanda mteremko, kutafuta kamera nyingine. Nina hakika ziko mbili. Jiwe limegeuka chini ya mguu. Siyo goti, ni chini yake. Nimesikia mfupa ulivyolia.

Mguu umevunjika. Nimeteleza kwa makalio mpaka kwenye jiwe langu, sijui kwa saa ngapi. Nimeufunga kwa vijiti na mkanda wa kamera.

Hakukuwa na kamera nyingine.

Jumapili, 11 Agosti

Nyama kavu, vipande sita. Maji nayatambalia.

Leo jioni Renae atatazama saa. Kisha atasoma karatasi.

Jumatatu, 12 Agosti

Helikopta. Nimeisikia kabla jua halijafika dimbwini. Inazunguka na kuzunguka, upande wa pili wa mgongo, juu ya Korongo la Ndama. Kwani watafute wapi kwingine? Karatasi iko kwenye jokofu, gari liko pale pale. Niliwaandalia kila kitu mwenyewe. Nimepunga kofia ya rangi ya chungwa hadi mkono ukafa ganzi, na hata sijui nampungia nani.

Sasa nina swali, nimekaa nalo tangu alfajiri. Ijumaa kamera ilinipiga picha kabla sijaing'oa. Lazima, nilikuwa nimeijazia kioo kwa uso wangu. Basi Clete anajua niliko. Kwa nini wako kule?

Labda simu iko kwenye sanduku la misumari. Kwa Clete hilo linawezekana. Labda ameiona picha, ameyasoma matusi mdomoni mwangu, kasema mwache akae na mlima wake. Ningekuwa yeye ningesema hivyo. Au wamemwuliza, na amesimama kati yao na kofia mkononi, na hasemi. Hata polisi wakikuuliza. Nilimshika ukosi wakati anaapa, na Clete akitoa neno halirudishi. Tulipeana neno naye mara mbili maishani, na aliyevunja si yeye.

Lakini alirudi Pale bila mimi, hiyo nayo ipo. Alivunja nusu ya kiapo ili afunge kamera.

Nalitazama jiwe, nautazama ule msonobari. Dimbwi liko hatua thelathini kushoto. Mwizi wa elki hulenga dimbwi. Anayetaka kuuza hulenga dimbwi. Yeye alilenga kitanda changu. Aliuliza mara mbili naingia wapi, na mara zote mbili hakuniamini, na hakunibishia.

Sijui. Bado sijui. Anaweza kuwa mpelelezi na samaki wake wa moshi.

Nimefungua soksi. Betri kumi na mbili, vidole vinakataa. Nimeiegemeza kamera kwenye begi, inanitazama. Nimechana ukurasa wa mwisho wa daftari na kuandika kwa herufi kubwa: BAKULI LA MJANE. MGUU UMEVUNJIKA. KIAPO KIMEKWISHA, WAAMBIE.

Hilo ndilo jina la Pale. Nimeliandika, na hakuna kilichoanguka.

Chini yake ikabaki nafasi. Nimekaa na kalamu muda mrefu kuliko mtu mwenye mguu kama huu anavyopaswa kukaa. Kisha nikaandika: NILIOMBA PEKE YANGU.

Kamera haipigi picha mpaka kitu kisogee, kwa hiyo nimeinua karatasi na kuitikisa. Taa nyekundu imewaka mara moja, ikazima. Sijui ni kwamba imepiga, au imetuma, au betri zinakwisha. Helikopta haisikiki tena. Pengine imefuata mafuta.

Nadhani Clete alijua tangu Mei, akiwa ameinama kwenye kwato. Ngoja nitikise tena.