Barua Niliyoifuta Imerudi

Alhamisi, saa tisa alasiri. Mvua imepita, ziwa halionekani. Ukungu umekaa juu ya maji tangu asubuhi, na kutoka dirishani kwetu ni kama mji unaishia kwenye ua wa jirani. Siku za namna hii najisikia nusu niko hapa, nusu niko pengine. Leo hiyo pengine naijua. Ni miezi minne nyuma.

Niende polepole, maana hata mimi mwenyewe bado najieleza.

Mume wangu ni muuguzi. Hapa nitamwita Papa Espé, kama wanavyomwita wote, kwa jina la mtoto wetu. Tangu miezi minne yuko Bunyakiri, na ni titulaire wa kituo cha afya, yaani yeye ndiye mkubwa pale: dawa, wagonjwa, akina mama wanaojifungua, vyote viko mikononi mwake. Alipokwenda, upande ule ulikuwa umetulia. Kisha mapigano yakapanda huko na barabara ikafungwa. Simu haishiki. Tumebaki na njia mbili tu: barua za internet, siku satelite yao inapokubali, na fonii, ile redio ya ofisi yao, ambako kila Alhamisi saa nne familia tunapewa dakika chache za kusikia sauti.

Jumanne nilikwenda cyber ya Nyawera, duka la internet hapa Bukavu. Msomaji asiyeishi hapa ajue kwamba sisi hatusomi barua pale pale cyber. Dakika zinakimbia, na nyuma ya kiti chako wamesimama watu watatu wanaosoma kabla yako. Unakwenda na laptop yako, unachomeka waya, programu inavuta barua zote, zinatoka huko zilikokuwa na kuhamia kwako, unafunga, unaenda kusoma nyumbani. Kulikuwa na moja ya Papa Espé. Kichwa cha barua kilisema: Swali moja.

Sikuifungua. Barua zake nazisoma nimekaa, viatu nimevua, chai iko karibu. Ndiyo starehe niliyobaki nayo na siombi radhi kwa mtu.

Ila kabla ya kufika kwenye chai nilikuwa na kazi ya shule. Mimi ni sekretari, na mkuu alitaka orodha za wanafunzi, nusu yao watoto waliofika juzi juzi na mama zao, wakiwa na magodoro kichwani. Nikachomeka flash ya shule. Flash ile imepita katika kila mashine ya kuprinta iliyoko Nyawera, na imeokota magonjwa yote. Jioni laptop ikakataa kuwaka. Ekrani nyeusi, mistari miwili ya Kifaransa cheupe, basi.

Jana asubuhi nikaibeba kwa Tonton Bahati, fundi wetu. Ana chumba nyuma ya soko. Zamani alitengeneza redio, sasa anatengeneza kila kitu chenye waya. Ni mtu wa maneno machache, na anaongea na mashine kwa heshima kuliko anavyoongea na wateja. Akaisikiliza kidogo, akaniuliza kama niko na kopi.

Kopi nilikuwa nayo. Miezi minne iliyopita, kwa uvumi wa vita ya upande mwingine, mji mzima ulikuwa unafunga mizigo, kila mtu na wasiwasi wake, na Tonton Bahati aliniambia: "Maman, vita ikifika hapa, laptop itabebwa. Disk ni kidogo, ile unaweza kuficha." Akanifundisha kuchukua partition ya C, ile sehemu ya kwanza ya laptop, yote nzima, Windows na kila kilichomo, na kuifanya faili moja kubwa kwenye disk ya nje. Nilifanya hivyo Jumapili, baada ya misa, saa mbili nzima nikilinda umeme usikatike. Kisha nikaifunga disk kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuizamisha katika gunia la unga wa mihogo. Tangu siku ile, anayechota unga nyumbani kwetu anachota kwa adabu.

Jana disk ikatoka katika gunia lile, nyeupe kabisa. Tonton Bahati aliipuliza, akapiga chafya, akaomba radhi kwa disk.

"Mu C hakuna kitu ya mupya?" aliuliza. "Juu tukirudisha, kila kitu ya leo itafutika. Itakuwa vile ilikuwa siku ile ya kopi."

"Hakuna. Vitu yangu yote iko mu D."

Hapa mjini kila mtu anajua jambo hilo. C ni ya Windows, inakufa kila fundi akiigusa. D ni yako, haifi. Tunaambizana hivyo maofisini, chuoni, hata kanisani wakati wa kuandika vitabu vya nyimbo. Mimi ni mtiifu, sijaweka hata picha moja kwenye C kwa kutaka. Kwa hiyo nilijibu haraka, na kichwa juu, na Tonton Bahati akaniamini. Wala yeye wala mimi hatukukumbuka kwamba programu ya barua inajiwekea barua zake yenyewe, na inaziweka C.

Akabonyeza.

Sijui nisemeje kuhusu muda ule wa kungoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sokoni watu wamekimbilia chini ya maturubai, na kwenye ekrani mstari wa bluu ulikuwa unasogea kwa hatua ndogo ndogo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikautazama. Nikawaza kwamba kila hatua ni siku moja inayorudi: siku ya barabara kufungwa imefutika, siku ya gari la mwisho imefutika, siku ya kumfunga Papa Espé mkanda wa begi imefutika. Nadhani nilisinzia macho wazi.

Mashine ikaamka.

Espé alikuwa pale kwenye picha ya nyuma, na meno yake yote ya mbele. Tangu wakati ule yametoka mawili. Kulikuwa na karatasi ile ya manjano ya kukumbusha, niliyoandika: koti la mvua la Papa E. Koti lilinunuliwa na likaenda naye, lakini laptop haikujua. Ndani ya laptop alikuwa hajaondoka. Alikuwa chumba cha pili anapiga pasi shati, na baada ya muda angeniuliza tena kama nimeona soksi zake. Nitasema ukweli, kwa dakika moja au mbili nilikuwa na furaha kamili, kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya soko.

Kisha nikafungua barua. Ya mwisho kabisa ilikuwa ya kabla hajasafiri. Swali moja haikuwepo. Barua zake zote za miezi minne hazikuwepo. Nyingine nazijua karibu kwa moyo, lakini ile sikuwa nimeisoma.

Tonton Bahati alijikuna shingo muda mrefu. "Kopi imeandikwa juu yake, maman. Ile haitarudi." Alisema taratibu, kama anavyoongea na mashine.

Nilipotaka kufunga ndipo nikaona kitu kwenye kona ya ekrani, chini ya picha zingine ndogo. Faili moja ya maandishi. Demande ya kubakia, yaani ombi.

Hiyo niliifuta mimi.

Sijawahi kumwambia mtu, hata kwenye maungamo. Papa Espé alipopata amri ya kwenda Bunyakiri kuwa titulaire, aliandika barua kwa chef wake, mkubwa wake wa kazi. Aliandika kwa laptop hii, Jumamosi usiku, siku moja kabla ya kopi, akaiacha pale pale kwenye ekrani, ambako nako ni C. Aliomba aachwe Bukavu mpaka mvua ziishe, kwa sababu ya kifua cha Espé ambacho kinabana kila msimu. Barua fupi, ya heshima, ya mtu asiyependa kusumbua. Akaniomba, kwa kuwa ofisini kwetu kuna printa, niiprinte Jumatatu na niipeleke kwa chef nikipita.

Sikuiprinta. Jumatatu mchana, nikiwa peke yangu ofisini, niliisoma mara mbili, nikaifuta, nikamwaga na kapu la laptop, pale vinapokaa vilivyofutwa. Jioni nikamwambia imepelekwa. Akangoja jibu. Jibu halikuja, naye akasema basi, ndivyo walivyoamua, akakunja mashati.

Na leo nimeshinda najiuliza kwa nini, wakati jibu nalijua. Mume wa dada yangu mkubwa ni mkuu wa shule. Mume wa yule mdogo ana ofisi yenye jina lake mlangoni. Papa Espé alikuwa muuguzi wa zamu miaka tisa, mtu mwema, kila mtu anasema ni mtu mwema, na mimi nilikuwa nimechoka na huo wema wake. Nilitaka kuitwa bibi ya titulaire, mke wa mkubwa wa kituo. Mara moja tu, mtu anisalimie hivyo kwenye lango la parokia. Wamenisalimia, tena mara nyingi. Siku hizi wananisalimia kwa sauti ya chini, wananishika mkono na mikono yao miwili.

Basi leo saa nne, fonii.

Ni chumba kidogo, benchi mbili, redio juu ya meza, na opereta, maman mmoja mnene mwenye subira. Familia kumi zinakaa, kila moja inasikia ya mwenzake. Vituo vyote vya barabara ile vinasikiliza pia, na wengine ambao hatuwajui. Kwa hiyo hakuna anayesema kitu pale. Tunasema tuko wazima, mtoto anasoma, mvua inanyesha, à vous. Ukisema à vous, mwenzako ndipo anaweza kujibu. Nimewasikia watu waliofiwa wakisema mvua inanyesha.

Sauti yake ilitoka mbali, na ule mkwaruzo.

"Maman Espé, muko wazima? Kifua ya mutoto iko namna gani? À vous."

"Tuko wazima. Kifua iko muzuri. À vous."

"Ulisoma barua yangu? À vous."

Nilikuwa nimepanga kusema ndiyo. Nilikuwa nimepanga njia yote, kutoka nyumbani mpaka kwenye lile benchi.

"Sikuisoma. Mashine iligonjwa, barua ikapotea. Lakini kuko ingine imerudi. Ile yako ya kuomba kubakia. Sikuipelekaka, Papa Espé. Niliifutaka. À vous."

Opereta aliangalia daftari lake. Ule mkwaruzo ukaendelea, na nikafikiri betri zao zimeisha, na nikatamani kweli ziwe zimeisha.

"Najua," alisema. "Chef alipitaka huku kabla barabara ifungwe. Aliniambia hakupataka barua hata moja. Ni ile tu nilikuuliza mu barua. Juu ya nini. À vous."

Kwa hiyo lile swali moja lilikuwa hilo: kwa nini. Jana nililifuta swali lake, na mahali pale pale nikarudishiwa kitu alichokuwa ananiuliza. Nilishika ukingo wa meza. Jibu nilikuwa nalo, lakini si la benchi mbili na barabara nzima. Opereta alinyanyua mkono: imebaki nusu dakika.

Nikauliza lile pekee lililokuja. "Ile barua ningali nayo. Niipeleke? À vous."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto mchanga akilia, na mwanamke akimtuliza.

"Peleka," alisema Papa Espé. "À vous."

Opereta akaita kituo kinachofuata. Nilipotoka, maman mmoja wa benchi la nyuma alinifuata mpaka mlangoni, akanifunga vizuri kitambaa changu kichwani, akarudi kukaa.

Sasa niko dirishani. Espé amelala mchana wake na anapumua sawa. Barua iko wazi mbele yangu, na nimeiweka sehemu tatu: C, D, na kwenye disk, ambayo bado ina unga kwenye mashimo yake. Haijabadilika hata herufi moja. Inasema "mpaka mvua ziishe", na mvua zenyewe ndizo hizi.

Kesho asubuhi nitaprinta barua mbili. Ya kwanza ni yake, na nitaipeleka kwa chef mkononi, na nitasimama pale mpaka aisome, na nitamwambia imechelewa miezi minne kwa sababu yangu. Sijui kama watamrudisha, wala kama kuna njia ya kumrudisha. Ya pili ni yangu, ya kupanda na gari la kwanza la dawa siku barabara ikifunguliwa, kwa sababu aliniuliza juu ya nini na ana haki ya kujua.

Nimeandika jibu hapa kwanza ili nione kama mkono wangu utakubali. Umekubali. Ni sentensi moja: nilitaka kuitwa bibi ya titulaire.

Nimeisoma mara mbili, kama ile Jumatatu. Siifuti.