Mikono Inaniwasha, Namtazama Mercy

Jumanne jioni, Kianda

Baridi ya Julai imenipata vizuri leo, na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani, nimekunywa chai, sasa nimekalia mikono yangu miwili kitandani ili nisijikune. Naandika kidogo, naikalia tena.

Nimepotea hapa kwa sababu kuandika kunauma. Ngozi katikati ya vidole imepasuka, na nyuma ya viganja kuna vipele vidogo vyenye maji. Vikianza kuwasha naweza kujikuna hata mbele ya mchungaji. Kwa mtu wa saluni hili ni balaa, maana mteja akikaa kwenye kiti hutazama kwanza mikono itakayoingia kichwani mwake. Wiki iliyopita Mama Brayo, mteja wangu wa miaka mingi, aliiangalia mikono yangu, akasema kwa upole kwamba siku hiyo angependa kusukwa na Mercy.

Mercy huyo ndiye nimekuwa nikimshuku.

Alikuja kwenye saluni yetu kule Kawangware baada ya Pasaka. Haukupita muda, mikono yangu ikaanza kuwasha. Hesabu sikuipenda shuleni, lakini hii niliipiga haraka. Isitoshe, Mercy ana mambo yake. Anakuja na taulo lake, sabuni yake na chupa yake ya chai, ilhali mimi na bosi wetu tunakunywa kutoka thamosi moja. Mikono ya sweta haipandishi hata jua likiwaka. Mtu asiyekunywa chai na wenzake, mimi humwekea alama ya kuuliza.

Halafu kuna hili la Jumatatu. Saluni haifunguliwi Jumatatu, na siku hiyo mikono hupoa. Nikirudi kazini, inaanza upya. Mama yangu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu nilishaijua: ilikuwa imekaa kiti cha pili kutoka dirishani.

Siku moja alinipa mkebe mdogo wa mafuta, akaniambia, "Jaribu hii, itakusaidia." Amejuaje kwamba nahitaji kusaidiwa? Niliunusa, nikamshukuru, na njiani nikautupa kwenye mtaro.

Badala yake nilijitibu kwa akili zangu. Nilipaka aloe vera. Niliosha mikono kwa maji moto na dawa ya kung'arisha nguo, nikidhani naua wadudu. Nikanunua tyubu ile ambayo kila ploti ya nyumba za kupanga ina mtu anayeisifu, inayopakwa chunusi, mba, upele na hata kuumwa na mbu. Ilinituliza siku chache, kisha muwasho ukarudi na hasira zaidi.

Jana nikajikokota hadi kliniki moja pale mtaa wa Olympic. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za Mercy, lakini daktari, mama mmoja asiye na haraka, aliniuliza nafanya kazi gani. Kisha akauliza tunapakaje rangi ya nywele. Nilimweleza kwa fahari kwamba tunavaa glavu, na kwamba hatuna ubadhirifu. Tukimaliza tunaziosha, tunazigeuza ndani nje, tunazianika nyuma ya saluni, tunazivaa tena.

Aliweka kalamu chini. Upande uliokuwa nje ukishika rangi, ndio huo unaougeuza uwe ndani, akasema. Mabaki ya rangi hayaishi kwa kusuuza, na mkono ukitoa jasho humo ndani, unakuwa umejifungia nayo mchana kutwa.

Akauliza kama nimewahi kujipaka rangi nyeusi mwenyewe. Ndiyo, Krismasi, na masikio yalivimba yakatoa maji. Wakati ule nililaumu wigi.

"Mwili ukishakikataa kitu, hausahau," alisema.

Amenipa marhamu ya kupaka kwa siku chache tu, na ile tyubu amenikataza. Niache maji moto na dawa ya nguo, ninawe kwa maji vuguvugu, na kila nikinawa nipake mafuta mazito yasiyo na manukato, hata yale ya kukamulia ng'ombe. Hapo nilikumbuka mkebe wa Mercy, maana ulikuwa na mafuta hayo hayo. Akasema pia kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na glavu mpya kila mteja zinasaidia. Lakini dawa yenyewe hasa ni kuacha kushika rangi.

Kuacha rangi. Karibu kila mama anayekuja kwetu anataka kufichiwa mvi.

Nakiri kwamba nilitoka pale sijaridhika. Nilijiambia kwamba daktari ni msomi, sawa, lakini hamjui Mercy.

Leo bosi wetu, Madam, alikuwa mjini kuchukua bidhaa, tukabaki mimi na Mercy. Mchana akaingia mama mmoja aliyetaka rangi nyeusi. Nilingoja Mercy ainuke. Mercy naye alikuwa anangoja mimi niinuke. Mama akatutazama kwa zamu, na wote wawili tukasema kwa pamoja, "Rangi imeisha." Pakiti zimepangwa kwenye rafu nyuma yetu, yeye mwenyewe anaziona. Alivuta mdomo, akaenda saluni ya jirani.

Tukabaki tunatazamana. Kisha Mercy akapandisha mikono ya sweta. Vipele vyake vimefika karibu na kiwiko.

"Ilianzia kwa saluni yenye nilikuwa," alisema. "Walinifuta kazi. Vile niliona mikono zako nikajua ni hiyo tu. Ndio nikakupea mafuta."

"Na mbona hukusema?"

"Niseme aje na hatuongei? Wewe unaniangalia tu. Nilidhani utanichoma kwa Madam, umwambie niko na ugonjwa."

Muda wote huu nilikuwa namchunguza kama mwizi, kumbe naye analinda mkate wake dhidi yangu. Nimeona aibu, na naiandika hapa kwa sababu usoni kwake nilishindwa.

Nikamweleza yote ya kliniki, na tukafanya mpango. Kesho asubuhi Madam akifika, tutamwambia wote wawili kwamba hatuwezi tena kushika rangi, tubaki na kusuka na kuosha, na rangi atafute mtu mwenye glavu mpya. Hawezi kutufukuza wote kwa siku moja. Akimsikia mmoja tu, huyo atatolewa mapema, na atakayenyamaza ataachiwa kiti na wateja wote. Hilo hatukulisema, lakini kila mmoja wetu analijua. Mercy ameapa kwa mama yake. Mimi pia nimeapa.

Muda mfupi uliopita amenitumia ujumbe: "Aki usiniwache kwa mataa kesho."

Ni maneno ya kawaida, yaani nisimwache peke yake, na bado nimeyasoma na kuyarudia nikitafuta alipoficha kisu. Je, anataka nitangulie ili yeye abaki nyuma? Mbona ameandika sasa, na tulishaelewana? Nimemtilia shaka hadi chai ikapoa.

Halafu nimeona kitu kilichonikosesha raha kuliko huu muwasho. Sina ushahidi wowote kwamba Mercy anafikiria kunyamaza kesho. Anayefikiria hivyo ni mimi.

Kwa hiyo nitamwambia Madam kabla sijavua koti. Nikishakaa kwenye kile kiti, najijua, sitasema.